Chai haijaharibika, mbona waitengeneza?

Msomaji mwenye karakana karibu na Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, ameniandikia hivi: "Mwalimu, mimi natengeneza paipu za petroli za pikipiki kuukuu, zile BSA na Triumph za enzi ya mkoloni. Nataka bango jipya. Niandike paipu, mrija, mpira ama bomba? La sasa linasema TUNATENGENEZA PAIPU ZA PETROLI, na kila siku naletewa paipu zilizotoboka nizibe, ilhali mimi nauza mpya."

Nomino kwanza, maana haina ugomvi mkubwa. Wewe unakata shaba, basi mpira uache: mpira wa kawaida ukinyweshwa petroli huvimba na kulainika, na jina lake halitakufaa kuliko wenyewe. Bomba tulilitoa kwa Wareno, na kwangu ni pana mno. Bomba ni la maji, la kugombaniwa na mtaa mzima. Mrija ni mwembamba kama kitu chenyewe, na kazi yake tangu zamani ni kunywea. Kabureta nayo hunywa. Paipu? Nairobi nzima inaielewa. Andika mrija ukiwa na moyo, paipu ukiwa na kodi ya kulipa. Sitakushtaki.

Lakini tatizo lako, ndugu yangu, si nomino. Ni hilo "tengeneza".

Neno hili limetokana na tengenea, yaani kukaa sawa, kuwa katika hali nzuri. Kutengeneza basi ni kukifanya kitu kikae sawa. Ndiyo maana ukiambiwa barabara imefungwa kwa matengenezo, huulizi kama ni mpya. Unajua ina mashimo. Wateja wako wanaokuletea paipu zilizotoboka wamelisoma bango lako sawasawa. Aliyekosea ni mwenye bango.

Juzi niliingia katika ofisi moja mjini, na kijana mwenye adabu zake akaniuliza, "Mzee, nikutengenezee chai?" Nikamuuliza, kwani ina nini? Imepata pancha? Akacheka, akadhani ni utani wa uzee. Chai hupikwa! Hasa chai yetu hii ya maziwa, inayochemka sufuriani pamoja na majani yake mpaka ipande na kutishia kuzima jiko: hiyo kama haikupikwa, basi hata ugali haupikwi. Ukiona kupika ni kuzito, chemsha. Ukitaka upole, andaa. Kijana akarudi na kikombe cha maji ya uvuguvugu na kifuko cha majani kando. Hapo nikamwomba radhi. Chai ile kweli ilihitaji matengenezo.

Na hatukuwa maskini wa vitenzi. Chungu hufinyangwa, mkeka husukwa, mkate huokwa, jembe hufuliwa, mtumbwi huchongwa, jahazi huundwa, kanzu hushonwa, shanga hutungwa. Kila fundi alikuwa na kitenzi chake kama alivyo na nyundo yake. Leo wote wametupiwa kitenzi kimoja, na bado hakijashiba: nasikia vijana "wanatengeneza pesa" (polisi wakisikia hivyo watataka kuiona mashine) na "wanatengeneza marafiki", sijui kwa bati au kwa mbao.

Itazame kazi yako mwenyewe. Shaba unaichoma mpaka iwe nyekundu, ilainike. Unaipinda taratibu isijikunje. Unaizungusha kitanzi ili mtikisiko wa injini usije ukaipasua, kisha ncha zake unazilehemu. Umechoma, umepinda, umezungusha, umelehemu. Halafu unatundika bango linalosema umetengeneza!

Najua, makamusi yameshalikubali neno hili kwa maana zote mbili, na mimi nimechoka kupigana na makamusi. Kiwanda kikisema kinatengeneza viatu, nameza mate, napita. Hakuna atakayeleta kandambili zake zikashonwe. Lakini katika mtaa ambao mlango huu wanaziba na mlango ule wanaunda, neno hilo linakula siku yako yote. Andika hivi: TUNAUNDA MIRIJA MIPYA YA PETROLI YA PIKIPIKI KONGWE. HATUZIBI.

Umeona nimeandika kongwe. Kuukuu ni kitambaa cha kupigia deki. Mzee anayeing'arisha Triumph yake usiku kucha ili aipeleke kwenye Concours d'Elegance, yale mashindano ya urembo wa magari na pikipiki pale Ngong Racecourse, akilisoma neno kuukuu mlangoni kwako, hata injini hataizima. Atapitiliza mpaka kwa jirani.