Kwa nini Superman hamalizi kazi?

SWALI: Habari za kazi, Dada. Mwanangu wa miaka 12 amenibana. Tulitazama pamoja katuni ya mwaka 2012, Superman vs. The Elite. Superman anamkamata muuaji aitwaye Atomic Skull, anafungwa, anatoroka, anaua tena. Ndipo Manchester Black, kiongozi wa kundi la mashujaa liitwalo Elite, anamuua papo hapo. Mwanangu alipiga makofi, kisha akaniuliza: “Baba, si angemuua mara ya kwanza wale watu wangekuwa hai?” Nilikosa la kusema. Na kwa kweli hata mimi roho yangu iliridhika. Je, shujaa mwenye huruma amepitwa na wakati?
Baba wa watoto watatu

JIBU: Kaka, usimkemee mtoto. Ukimwambia tu kwamba kuua ni vibaya utakuwa hujamjibu, maana waliokufa baada ya yule muuaji kutoroka nao walikuwa watu.

Mimi nilibanwa vivyo hivyo na katuni ya Batman: Under the Red Hood ya mwaka 2010. Jason Todd, kijana aliyelelewa na Batman, anapigwa kwa mtaimbo na Joker, adui mkubwa wa Batman, na kuuawa, halafu anarudi akiwa hai na hasira zake. Jason hamtaki Batman awaue wahalifu wote wa mji. Anamtaka Joker peke yake, kwa sababu ndiye aliyewatenganisha. Batman anamjibu kwamba kumuua kungekuwa rahisi mno, ila akishaingia huko hatatoka tena. Usiku ule nilikirudisha nyuma kipande hicho mara tatu. Jibu halikunitosha, na mpaka leo halinitoshi. Batman anazungumzia nafsi yake, wakati aliyelala chini akipigwa mtaimbo alikuwa Jason.

Kuna jambo mwanao anastahili kuambiwa. Joker alitokea mara ya kwanza mwaka 1940 katika kitabu cha katuni, na katika toleo hilohilo waandishi walikusudia afe. Mhariri wao, Whitney Ellsworth, akaona adui mzuri hivyo asipotee; ikaongezwa picha moja ya mwisho kuonyesha kwamba bado anapumua. Kwa hiyo magereza ya katuni yanavuja kwa sababu hadithi lazima iendelee toleo lijalo, halafu lawama anatupiwa shujaa. Ukimpa Superman gereza linalofunga kweli, nusu ya hoja ya Manchester Black inakwisha.

Inabaki nusu ya pili, na hiyo ndiyo inayoniuma. Wewe na mwanao mlimwona Atomic Skull akiua. Mtengenezaji wa filamu aliwaonyesha kila kitu, hamkuwa na shaka hata chembe. Shujaa katili anatupendeza kwa sababu sisi watazamaji tumeshashuhudia kosa, tumeshahukumu, tunasubiri tu mtu wa kutekeleza. Mtu wa mtaani ndani ya ile hadithi hana bahati hiyo. Yeye anaona mtu mwenye nguvu kuliko serikali akiamua nani aishi, na hana pa kukata rufaa. Tena angalia Elite hawakuishia kwa Atomic Skull. Wanakwenda kwenye vita vya nchi mbili na kuwaua viongozi wa pande zote mbili. Kutoka muuaji mmoja hadi wakuu wa nchi, ndani ya filamu hiyohiyo! Nani angewaambia basi, inatosha?

Ndiyo maana sikubali kwamba Superman ni mpole asiyejua dunia. Anaijua kuliko Black. Mwishoni anajifanya amebadilika, anawapukutisha Elite mmoja mmoja kwa sauti tulivu isiyo na huruma, halafu macho yake yanawaka mekundu na kumlenga Black kichwani. Kile mwanao alichokuwa anakitaka tangu mwanzo, anapewa. Na kinatisha! Black mwenyewe analia. Baadaye ndipo tunaambiwa hakuna aliyekufa, roboti za Superman zilikuwa zimewaondoa watu mapema, na Black amenyang'anywa nguvu zake tu. Kupanga yote hayo ni kazi ngumu mara kumi kuliko kuua, na ndiyo sehemu ninayompenda steringi huyu kwa moyo wote.

Kaka, rudieni kipande hicho pamoja. Macho ya Superman yakianza kuwaka, wewe acha kutazama skrini, mtazame mwanao. Kisha muulize: ungekuwa umesimama barabarani pale, hujui kama anaigiza, ungekimbilia wapi? Niandikie atakachokujibu.