Rilei mpya haitafaa kitu kama betri imekufa

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda kimoja hapa Chang'ombe. Tunapokea kilovolti 33, transfoma yetu ya MVA 5 inashusha hadi kilovolti 11, halafu kuna laini nne za kwenda kwenye mitambo. Rilei zinazohisi shoti na kuiamuru breka ikate, zote ni zile za zamani zenye sahani inayozunguka. Mwezi uliopita kebo ya laini moja ilipiga shoti, na badala ya breka ya laini hiyo kukata, ikakata breka kuu. Kiwanda kizima kikazimika. Bosi kaniagiza nitafute rilei za kidijitali, na muuzaji anasema hizo hazihitaji matengenezo kabisa. Nichukue za namna gani? Na ni kweli anayosema?

JIBU: Marahaba. Nianze na la mwisho, maana linaweza kuua mtu: si kweli.

Rilei ya kidijitali inajikagua yenyewe saa zote, na hiyo ni faida kubwa. Ile ya sahani inaweza kukwama kwa vumbi miaka mitatu bila mtu kujua, mpaka siku ya shoti. Lakini hiyo ya kidijitali hujikagua ndani ya boksi lake tu. Grisi iliyokauka kwenye breka haioni. Na ikijigundua ni mbovu, inachofanya ni kugeuza kontakti moja ndogo ya tahadhari. Kama hukuvuta waya kutoka kontakti hiyo hadi kwenye king'ora, rilei itakuwa imekufa na ninyi mnaendelea na kazi.

Wakati fulani wa masika niliitwa kiwandani ambako paneli ya kilovolti 11 ilikuwa imeungua mpaka basba, vile vyuma vinene vya kugawia umeme, zimeyeyuka. Rilei ilikuwa nzima. Kumbukumbu yake ilionyesha kwamba iliiona shoti na kutoa amri ya kukata kwa wakati wake, ila breka haikutikisika. Nikaenda kwenye betri za volti 110, ambazo ndizo huipa breka nguvu ya kukata. Mita ikasoma 122, safi kabisa. Nikazima chaja, nikaweka mzigo mdogo, na volti zikaporomoka chini ya 50 nikitazama. Betri zilikuwa zimevimba mbavu, vituo vyake vimeota unga wa kijani. Kila mwezi fundi alikuwa akipima volti za chaja akidhani anapima betri. Siku ya shoti volti za mtaa zilishuka, chaja ikakosa nguvu, na koili ya breka ikakosa umeme wa kuivuta.

Kwa hiyo kabla hujaulizia bei, zima chaja, weka mzigo, pima betri moja moja.

Sasa breka kuu kutangulia. Kabla ya kulaumu umri wa rilei, tazama seti zake, yaani viwango vya mkondo na muda ilivyowekewa. Chukua shoti ya ampea 3,000 kwenye laini. Tuseme breka kuu imesetiwa ampea 300 na kizidisho cha muda (namba ya kurefusha au kufupisha muda wa kukata) 0.2, kwa mkunjo wa kawaida wa IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme. Shoti hiyo ni mara 10 ya seti, na itakatwa kwa sekunde 0.59. Laini ikiwa ampea 150 na kizidisho 0.1, shoti ileile ni mara 20, itakatwa kwa sekunde 0.23. Tofauti ni 0.36. Rilei za sahani huhitaji kama sekunde 0.4 kati ya moja na nyingine, kwa sababu sahani huendelea kuzunguka kidogo hata mkondo ukishakatika. Za kidijitali zinatosheka na 0.3. Inawezekana nafasi yenu ilikuwa finyu, au sahani ya laini ile imekuwa nzito. Ipime kwa mashine ya kuingiza mkondo ndipo utajua. Na seti ya upande wa kilovolti 33 usiibadilishe peke yako: kubalianeni na TANESCO, maana rilei yao iko juu ya yenu na lazima zipishane.

Katika kuchagua, soma kwanza bati la CT, yaani transfoma ndogo inayopunguza mkondo ili rilei iweze kuupima. Kama ni 300/5, rilei iwe ya kupokea ampea 5. Ukiona 5P20, maana yake CT hiyo inaaminika hadi mara 20 ya mkondo wake kwa mzigo ulioandikwa. Transfoma ya MVA 5 yenye impidansi (ukinzani wake wa ndani dhidi ya mkondo) ya asilimia 7 haiwezi kupitisha zaidi ya ampea 3,750 hivi upande wa kilovolti 11, kwa hiyo hapo uko salama. Upande wa 33 ndio wa kuhesabu kwa makini, kwani shoti ya huko ni kubwa na CT ni ndogo.

Jambo moja nisingekubali likosekane: rilei ichunge mzunguko wa koili ya kukatia, breka ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. Waya ukikatika upate tahadhari siku hiyohiyo. Vipengele vingine hamsini kwenye katalogi usivilipie. Ila kwa ukubwa wa transfoma yenu, kinga ya kulinganisha mkondo unaoingia na unaotoka ni pesa iliyotumika vizuri. Buchholz, ile rilei ya gesi iliyo juu ya transfoma, ibaki na waya zake, hakuna rilei ya mkondo inayoona gesi ikianza kujikusanya kwenye mafuta.

Hewa yetu ya Dar ina chumvi na unyevu. Omba saketi zilizopakwa kinga, na hita ya paneli iwe inafanya kazi. Joto nalo huchosha kapasita za umeme wa ndani wa rilei, kwa hiyo baada ya miaka 10 hadi 15 uwe na ya akiba.

Matengenezo: mimi hukatisha breka kweli kupitia rilei kila mwaka. Upimaji kamili wa mkondo, kwa za sahani kila mwaka, kwa za kidijitali kila miaka mitatu au minne. Kabla ya kufungua waya wowote wa CT, unganisha shoti upande wake wa pili. Ukiuacha wazi mkondo ukipita, volti zinapanda hadi kuua.

Nenosiri ambalo rilei imekuja nalo kutoka kwa mtengenezaji libadilishe. Faili la seti lisiishi kwenye laptopu ya mkandarasi peke yake: chapisha nakala yenye tarehe, ibandike ndani ya mlango wa paneli.