DCI wamemaliza upelelezi, mbona mshukiwa hajashtakiwa?

SWALI: Niliuziwa ploti Ruiru kwa hatimiliki feki. Niliripoti, nikapewa nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), na wapelelezi wa DCI (idara ya upelelezi wa jinai ya polisi wa Kenya) wakaandikisha taarifa yangu. Mshukiwa alikamatwa, kisha akaachiliwa. Sasa naambiwa faili iko kwa DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma). Kwani DCI hawawezi kumpeleka kortini wenyewe? Ama kuna mtu amekula kitu kidogo?

JIBU: Kama kuna aliyekula, mimi siwezi kujua nikiwa hapa. Ila faili kwenda kwa DPP si hujuma. Ndiyo njia yake.

Kazi za DCI zimo katika kifungu cha 35 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011: kupeleleza uhalifu mkubwa, kukamata, kuchunguza vielelezo kwenye maabara, kutunza rekodi za wahalifu (ndiyo maana cheti cha tabia njema hutoka kwao) na kushughulikia mambo ya Interpol. Uamuzi wa kushtaki ni wa DPP. Ibara ya 157 ya Katiba ya 2010 imempa mamlaka hayo, na haombi ruhusa ya yeyote. Zamani polisi mmoja alipeleleza na polisi mwenzake akasimama kortini kuongoza mashtaka. Sioni sababu ya kuyatamani hayo.

DPP akiona ushahidi una mapengo, huirudisha faili na maagizo. Katika kesi za ploti, mapengo ni yale yale: ripoti ya mtaalamu wa nyaraka kuhusu sahihi na mihuri, taarifa ya msajili wa ardhi, na rekodi za benki, ambazo benki haitoi bila amri ya korti. Haya huchukua muda, na mshukiwa hawezi kukaa seli akisubiri: Katiba inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24.

Muulize afisa anayeshika faili yako ilipelekwa lini na kama imerudishwa. Kisha iandikie ofisi ya DPP ya kaunti yako, ukitaja nambari ya OB. Ukigundua ni afisa mwenyewe aliyeikalia, peleka malalamishi IPOA (mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi).

Kuhusu pesa zako, usingoje kesi ya jinai. Mwone wakili ufungue kesi ya madai sasa: dai la mkataba lina kikomo cha miaka 6, na saa hiyo haisimami kwa sababu faili iko kwa DPP.