Wasomaji Wanauliza: Mchoro wa Tona Kwenye Shaba Iliyopinda

SWALI: Natengeneza bangili za shaba nyekundu hapa Kibuye, Kisumu. Mchoro wa printa ya leza naubandika kwa pasi, halafu nachonga kwa feriki kloraidi, dawa inayokula shaba. Kwenye bamba unashika, ila kwenye bangili iliyokwisha kukunjwa pembeni unabanduka na karatasi. Nifanyeje?

JIBU: Tona, wino wa printa ya leza, ni unga wa plastiki; ili ushike lazima ulainike na kukandamizwa kwa wakati mmoja. Pasi ni bapa, hugusa mstari mmoja tu wa bangili, na shaba husambaza joto upesi mno. Kwa bangili, basi, kukunja kuwe mwisho. Pasha bamba mpaka liive wekundu hafifu, litumbukize majini ili lilainike, lisugue kwa msasa namba 400 hadi maji yatandae bila kujikunja matone, lifute kwa asetoni kuondoa mafuta, kisha usiliguse kwa vidole. Bandika, chonga, ndipo ukunje kwa nyundo ya mbao. Bamba ambalo halikulainishwa hivyo hujikunja kwa pembe kali pale mistari ilipoliwa badala ya kupinda mviringo.

Ukichora kwenye bomba la shaba, hilo ndilo lenye kazi, kwa kuwa huwezi kulinyoosha. Lenye kipenyo cha nje cha milimita 22 lina mzingo wa milimita 69.1: chapisha mchoro wa 69, maana karatasi ikipandana, tona ya juu haigusi shaba. Tumia ukurasa mwembamba wa jarida linalong'aa. Uzungushe, ufunge kwa ukanda wa pamba uliokazwa sana, pitisha mti wa ufagio ndani ya bomba uwe mpini. Pasi iwe alama ya pamba, bila mvuke. Dakika za mwanzo ni za kupasha bomba zima. Baada ya hapo bonyeza huku bomba likizunguka polepole. Pasi isiteleze, mistari itapakaa. Liache lipoe kabisa, loweka kwenye maji ya vuguvugu dakika 20, sugua karatasi kwa kidole gumba. Palipokosa, jazia kwa kalamu ya wino usiofutika.

Ziba ncha zote mbili kwa nta, la sivyo dawa italila bomba kwa ndani. Lining'inize wima, mashapo yaanguke chini, na uligeuze kila baada ya dakika chache. Chombo kiwe cha plastiki: sufuria ya alumini huchemka na dawa hii na kutoboka. Vaa glavu na miwani. Dawa iliyotumika ina shaba, ni sumu kwa samaki, usiimwage mtaroni.

SWALI: Niko Nakuru. Nina printa ya wino tu, na mchoro wangu unaoshwa na maji. Fotokopi itafaa?

JIBU: Itafaa, maana mashine ya fotokopi hutumia tona. Wino wa printa yako hauna plastiki ya kushika. Chapisha mchoro uliogeuzwa kama kwenye kioo, upeleke dukani na karatasi yako ya jarida, uombe weusi uongezwe hadi mwisho. Maandishi yasipogeuzwa hapo, yatasomeka kinyumenyume kwenye shaba.