Mafuta ya nazi yakiwa meupe: yameganda, au yamekuwa mazito?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natengeneza mafuta ya nazi hapa Mbagala, nauza kwa chupa. Kila ikifika Juni na Julai wateja wananirudishia, wanasema nimeyachakachua maana yamekuwa meupe kama samli. Nimetaka kuandika kwenye lebo, "Mafuta haya huganda wakati wa baridi." Jirani yangu anayefundisha sekondari kanikatalia: eti kuganda ni kwa maji yanapokuwa barafu tu, mafuta "yanakuwa mazito". Tena anasema neno lenyewe tumelitoa kwa Waarabu. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, dada. Andika "huganda", na jirani msalimie.

Kwanza hilo la Uarabu. Vitenzi tulivyopokea kutoka Kiarabu kwa kawaida havimaliziki kwa -a: kujibu, kusamehe, kufikiri. Kuganda kunaishia kwa -a na kunanyumbulika kama kitenzi chochote cha Kibantu: gandisha, gandia, gandana, gandama, gandamiza. Wageni ni majina ya kile kinachoganda kwa baridi. Theluji ni Kiarabu, barafu asili yake ni Kiajemi. Si ajabu, kwani mtu wa pwani angeiona wapi? Mmisionari Johannes Rebmann alipoona weupe kileleni Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, akamuuliza kiongozi wake wa msafara kutoka pwani ni kitu gani kile. Jibu alilopewa lilikuwa "baridi". Jina hapakuwa nalo, lakini kitenzi kilikuwepo, kikifanya kazi kwenye maziwa, damu, uji na mafuta. Friji imekikuta.

Sasa maana. Mimi ninapochunguza kitenzi hupenda kukigeuza nyuma nione kinasema nini. Funga, fungua. Ziba, zibua. Ganda, je? Gandua. Na kugandua ni kubandua kilichong'ang'ania: kupe kwenye ng'ombe, stika kwenye kioo cha daladala, ukoko chini ya sufuria. Hata mama anayetoa samaki kwenye friza akasema "ngoja niwagandue", hajawayeyusha bado. Anawatenganisha kwa kisu maana wameshikana. Barafu tunaiyeyusha. Kwa hiyo kiini cha kuganda ni kushikana, na baridi ni sababu mojawapo tu. Damu ya jeraha huganda mwilini penye nyuzi 37, nyuzinyuzi za protini zikisuka wavu na kunasa chembe za damu. Maziwa ya mgando yanapendelea joto ili bakteria watengeneze asidi, na asidi ndiyo inayozikusanya protini. Hapo friji ingechelewesha kazi. Ndiyo maana pia mtu anayekufuata kila uendako "amekuganda", na simu isiyoitikia kidole "imeganda", ingawa inachoma mkononi.

Mafuta yako yanaganda kwa maana zote mbili: yanashikana, na kinachoyashikanisha ni baridi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi za selsiasi, na usiku wa Julai hapa Dar hushuka chini ya hapo. Nina chupa yangu kwenye rafu ya jikoni, Sinza. Alfajiri kunakuwa na mawingumawingu chini ya chupa, kisha vipunje vyeupe, kisha chupa nzima imekuwa kama mshumaa. Nikiiweka dirishani penye jua, ikifika saa sita imekuwa angavu kama maji. Hakuna kilichoongezwa wala kilichoharibika. "Yamekuwa mazito" ni maneno ya asali au uji: kitu bado kinamiminika, ila kwa uvivu. Chupa yangu ya alfajiri ukiigeuza kichwa chini, hakitoki kitu.

Usiandike "yamekauka" pia. Kukauka ni kupoteza maji, na kosa hili nadhani limeletwa na neno yabisi, ambalo kwa Kiarabu ni "kavu" na vitabuni tumelifanya jina la kitu kisichomiminika. Mafundi wa ujenzi wametuzidi hapa. Wao husema zege "limeshika", halafu wanalimwagilia maji siku kadhaa lizidi kuwa gumu. Lingekuwa linakauka tu, maji ya nini?

Lebo yako ningeiandika hivi: "Mafuta haya huganda na kuwa meupe kukiwa na baridi. Ni hali yake ya kawaida. Weka chupa kwenye maji ya vuguvugu, yatayeyuka." Angalia tu mchapaji asiandike "hugandia", mteja akadhani yananatanata kwenye ngozi. Na kama mtaji unaruhusu, kwa miezi hii tumia kopo la mdomo mpana badala ya chupa, ili aliyeamka mapema ayachote kwa kidole bila kuchemsha maji.