Tone linapopasuka kwenye msukosuko: maswali yenu

*Mwalimu, kwa nini tone moja la mafuta hupasuka majini na jirani yake hubaki zima, ilhali maji ni yaleyale?*

Maji ni yaleyale, msukosuko sio. Ndani yake mna vizingia, yaani mizunguko ya maji, vya kila ukubwa. Kikubwa kuliko tone hulibeba tu jinsi lilivyo. Kidogo mno hakina nguvu. Hulitikisa kidogo basi. Adui wa tone ni kizingia cha kimo chake: upande mmoja husukumwa huku, wa pili kule, na mvutano wa uso, ile nguvu inayolikaza tone kama ngozi, ukishindwa kulirudisha katika mviringo wake, limekwisha. Yule jirani hajakutana na adui bado. Ndiyo maana modeli nzuri, yaani hesabu inayoiga jambo hili, hutoa uwezekano wa kupasuka, haitoi hukumu.

*Nataka kuiga kupasuka kwa matone. Nianze na hesabu gani kabla ya kugusa kompyuta?*

Ya wanasayansi Kolmogorov (1949) na Hinze (1955). Kipenyo kikubwa kinachoweza kudumu:

d = 0.725 (σ/ρ)^0.6 × ε^−0.4

σ ni mvutano wa uso kati ya vimiminika viwili, ρ ni densiti ya kile kinachobeba matone, na ε ni nishati inayopotea katika msukosuko kwa kila kilo, kila sekunde. Chukua mafuta ndani ya maji, σ ikiwa 0.03 N/m na ε wati 1 kwa kilo: unapata kama milimita 1.4. Pandisha ε hadi wati 100, unapata kama 0.22. Lakini usiniletee desimali nne! Hiyo 0.725 Hinze aliitoa kwenye vipimo vya majaribio, na hesabu nzima inadai tone liwe kubwa sana kuliko vizingia vidogo kabisa, ambavyo kwa maji na wati 1 ni kama milimita 0.03.

*Nikiongeza nguvu ya mota ya kukorogea maradufu, matone yatakuwa nusu?*

Hapana. Nguvu maradufu ni ε maradufu, na kwa kipeo cha −0.4 yatapungua kwa takriban robo tu. Kupata nusu, unahitaji nguvu karibu mara 5.7. Mara nyingi ni nafuu kutia sabuni: mvutano wa uso ukishuka mara kumi, kipenyo hushuka hadi robo ya kile cha awali, na mota hujaigusa.

*Mafuta yangu ni mazito sana. Hesabu hiyo bado inafaa?*

Haifai hivihivi. Hinze alichukulia kuwa mnato wa ndani ya tone ni mdogo. Tone zito hurefuka polepole, na kizingia huenda kikatoweka kabla halijakatika. Likikatika baada ya kuwa uzi, huacha vitone vingi vya ukubwa tofauti, kwa hiyo kipenyo kimoja hakitoshi kuvieleza.

*Programu yangu inaonyesha vitone vidogo mno. Niiamini?*

Usiiamini kwanza. Katika njia ya ujazo wa kimiminika ya Hirt na Nichols (1981), kompyuta huigawa nafasi katika gridi ya visanduku na kuhesabu kila kimoja kina kimiminika kiasi gani; shingo ya tone ikiwa nyembamba kuliko kisanduku kimoja, hukatwa na gridi, si na fizikia. Punguza visanduku kwa nusu, endesha tena. Vitone vikizidi kuwa vidogo, unachopima ni gridi yako. Kwa tangi zima achana na kufuata kila tone. Tumia mizania ya idadi ya matone, yaani hesabu ya matone mangapi ya kila ukubwa yanazaliwa na kutoweka, kama modeli ya Coulaloglou na Tavlarides ya 1977, na usisahau kuweka ndani yake matone yanayoungana tena.