Jibu: Mtoto mwenye hali ya Down apelekwe chuoni?

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka sita mwenye hali ya Down aende chuoni, yaani madrasa, na wenzake, au abaki ndani kama mama mkwe anavyotaka. Mpeleke. Si jini wala kijicho: amezaliwa na kromosomu (nyuzi ndogo za ndani ya chembe za mwili zinazobeba urithi) namba 21 tatu badala ya mbili, na hakuna ulichokula kilichosababisha.

Wangu alianzia barazani, hapa Lamu mtaa wa Langoni. Kila alasiri nilimpa kazi moja tu, kukusanya vikombe vya kahawa na kuvirudisha kwenye sinia. Wiki ya kwanza alivunja vitatu (vya wageni, bila shaka!). Sasa wazee wasipomwona huuliza.

Mwalimu mwambie amwelekeze kwa maneno machache, amwonyeshe kwa mkono, kisha asubiri. Wengi huelewa kabla hawajaweza kusema. Masikio na moyo vipimwe, maana huko ndiko matatizo huwa mengi. Pia msajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Mama mkwe usibishane naye. Mwachie mjukuu amshike mkono, waende wote dukani.